Mlango wa Kwa Ziro

Jumatatu, 15 Aprili

Tumefika Kwa Ziro. Wenyewe wanapaita mlimani. Mimi nimezaliwa Malindi mjini, ambako ukitaka kupanda kitu unapanda ngazi, kwa hivyo sitabishana nao. Nimekipanda hicho wanachokiita mlima huku begi la Baba likiwa kichwani na sanduku la zana mkononi, na nilipofika juu nikasema basi, na uwe mlima.

Chini ni mto Sabaki, rangi ya chai ya maziwa. Mji wenyewe ni barabara moja. Upande mmoja boti za mpira zimeegemezwa ukutani, pamoja na kamba za wale wageni wanaopenda kuning'inia kwenye majabali mekundu kwa hiari yao. Upande wa pili kuna mabanda ya wachoraji, banda la mchonga vinyago mmoja Mkamba anayeitwa Kioko, na nyumba mpya ya sanaa, ambayo mlangoni pake pananing'inia turubai. Hapo ndipo atakapofanya kazi Baba.

Lewis, mwenye nyumba hiyo, ni kijana wa hapa hapa aliyesoma Nairobi akarudi na mipango. Ametaka mlango wa Kiswahili wa mbao mbili, wa mbambakofi, ule mti mgumu, wenye nakshi kuanzia kizingiti hadi mfaa. Ufunguzi ni tarehe nane Juni. Mafundi wa mlango kama huo waliobaki hawajazi mkeka mmoja, na mmoja wao ni baba yangu Muhidin, mzaliwa wa Siyu, miaka sabini na mmoja, mwenye jicho moja linaloona.

La kulia lilikufa mwaka jana. La kushoto lina presha. Daktari alitwambia wiki iliyopita, mimi na yeye tukiwa tumekaa mbele yake: matone asubuhi na jioni, arudi tarehe kumi na sita Mei, na ikiwa kabla ya hapo giza litazidi, asingoje hata siku moja, aletwe apasuliwe. Alisema ugonjwa huu humwibia mtu pembeni kidogo kidogo, naye mwenyewe asijue.

Baba alimjibu, "Mimi nitajua. Kipimo changu ni patasi. Siku itakapotoka nje ya mstari, nitafunga virago nije mwenyewe."

Leo ameyarudia maneno hayo mbele ya Lewis, na wakapeana mikono. Mimi ni shahidi.

Jumatano, 17 Aprili

Tumepewa vyumba viwili kwa Sidi, mjane anayewapikia wageni. Anacheka na kila mtu. Aliponiuliza mume wangu yuko wapi nikamwambia tumeachana, akasema, "Vidzo," yaani vizuri kwa Kigiriama, "basi utakula mara mbili." Nimempenda.

Baba amepanga kazi yake kama anavyoipanga tangu nikiwa mtoto. Anachonga tangu asubuhi hadi adhuhuri. Anasali, anakula, analala. Alasiri hachongi. Anakaa mbele ya kazi ya siku ile, anafumba macho, anaipapasa yote kwa vidole, jani kwa jani. Kosa likiwepo kidole kitaliona. Anaanza na miimo miwili, zile nguzo za pembeni, kisha kizingiti cha juu, kisha mbao zenyewe. Mfaa, ile nguzo ya katikati inayofunika mwanya wa mbao mbili, unakuja mwisho, na hauguswi na mkono wa pili. Nilipokuwa na miaka minane niliugusa mmoja, nikapigwa kofi ambalo sikio linalikumbuka hadi leo.

Kazi yangu mimi ni kunoa patasi, kufagia vumbi la mbao na kumtia matone. Muda uliobaki nashona kofia zangu za vito, zile za matundu madogo ya uzi.

Jumamosi, 20 Aprili

Wageni kutoka Nairobi, gari nne. Wameteremka mtoni na boti wakipiga mayowe, wamerudi wamelowa, wakampiga Baba picha bila kumwamkia. Baba amekitengeneza kilemba chake kichwani.

Jumanne, 23 Aprili

Nina la kuandika leo, na sina wa kumwambia.

Baba alipokwenda kusali nilikuwa nafagia chini ya mwimo wa kushoto. Nikaona. Kwenye mzabibu unaopanda, jani la tano, patasi imevuka mstari na kukata ukingo wa jani la jirani. Upana wa punje ya mchele. Mtu mwingine angepita asione, lakini mimi nimekua chini ya meza yake, najua kwamba punje ya mchele kwa Baba ni msiba.

Nilisimama na ufagio. Niliyakumbuka maneno yake, sitadanganya. Kisha nikajiambia: huu ni mkono, si jicho. Mtu wa miaka sabini na mmoja mkono haumtetemeki? Tena mbao hii ni ngumu. Tena alikuwa akizungumza na Lewis. Nilipata sababu nyingi kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amekwisha kuziweka tayari.

Nikamwona akilini atakapokaa alasiri, afumbe macho, kidole kifike hapo kisimame. Uso wake nikauona. Sikuweza. Mzazi hafunuliwi aibu yake, husitiriwa. Hilo tumelelewa nalo kabla ya kufundishwa kusoma. Nikachukua patasi nyembamba kuliko zote. Sijawahi kupewa patasi maishani mwangu, kwao mafundi ni kazi ya wanaume, lakini anayeshona kofia ya vito miaka ishirini mkono wake unajua kusimama unapotakiwa. Nililishusha jani la jirani kidogo, nikalipunguza la tano ubavuni, nikayalinganisha. Penye shimo nikatia gundi na unga wa mbao, nikasugua msasa. Nusu saa. Kioko alikuwa akiunguruma na mashine yake ng'ambo ya barabara, kwa hivyo hakuna aliyesikia.

Alasiri Baba akapapasa. Akafika jani la tano. Kidole kikapita.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mkono ungalipo."

Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu jikoni kwa Sidi.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua asubuhi hadi jioni. Baba amechonga taa ikiwaka. Hakuna kosa.

Jumamosi, 27 Aprili

Makosa mawili. Nimeyarekebisha. Mbao imelowa kwa hewa ya mvua, ndiyo maana.

Jumanne, 30 Aprili

Jana na leo hapa jua limewaka, na mto umepanda hatua sita. Nilimwuliza Sidi maji yanatoka wapi na mvua haipo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Inanyesha bara, Ukambani huko. Wao wanalimia, sisi tunabomokewa. Mto huu ukitazama mbingu ya hapa utakuua."

Boti zimepandishwa juu. Daraja la chini, lile la saruji tulilovuka tukija, maji yanapita juu yake kwa kina cha kifundo cha mguu.

Baba ameangusha kikombe cha chai kwa kiwiko. Kilikuwa kushoto kwake, wazi kabisa. Amenigombeza kwamba nimekihamisha. Sikukihamisha. Nimemwomba radhi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimegombana na Kioko.

Amekuja baada ya adhuhuri, Baba amelala, mimi nina patasi mkononi. Hakubisha hodi, turubai haina hodi. Akasimama nyuma yangu. Ni mtu mrefu, mikono yake imejaa makovu, na anachonga twiga kwa mashine, kumi kwa siku, wote wanafanana. Nilikuwa nimemdharau tangu siku ya kwanza na sikujificha.

"Dada, mzee haoni," akasema.

Nikamwambia anaona.

"Haoni. Jana alinisalimia mara mbili. Mara ya pili nilikuwa sijaondoka, nilikuwa nimesimama tu kando yake. Na wewe uko hapa unamtengenezea. Nimekuona wiki nzima."

Nilimwambia asijitie katika nyumba za watu. Nilimwambia fundi wa mashine hana la kumfundisha Muhidin wa Siyu. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwetu mtu akiwa mgonjwa anaambiwa," akasema. "Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu sisi tulimwambia kidonda ni kidogo."

Akaondoka. Nikamalizia kazi kwa hasira, na nikakosea mahali, ikanibidi nitie gundi zaidi.

Jumatatu, 6 Mei

Makosa manne. Mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Sidi anajua. Aliingia kuniletea maandazi akaniona, akaweka sahani chini, akarudi nyuma mguu kwa mguu. Jioni nilimfuata jikoni.

Nikamweleza maneno ya Kioko, nikamwuliza, "Wewe unaonaje?"

"Mambo ya mzazi hayasemwi," akajibu akikuna nazi. "Baba yangu alipoanza kujisahau tulimfulia nguo miaka miwili, na hakuna jirani aliyejua. Alikufa na heshima zake. Wewe una radhi za baba yako, Swabra, usimsikize yule."

Nilikuwa nimekwenda nikitaka kusikia hivyo, nikasikia hivyo, na bado sikulala vizuri.

Jumanne, 14 Mei

Lewis alileta watu wawili wa magazeti kuuona mlango. Miimo imesimamishwa, kizingiti cha juu kimepachikwa, mbao moja imekwisha na ya pili iko nusu. Ni kazi nzuri kweli. Wale watu walinyamaza, na watu wa magazeti hawana tabia ya kunyamaza. Mmoja akauliza mzee anaona vipi nakshi ndogo kama hizi.

Baba akajibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa alilokuwa akilingojea. "Nimekuja hapa daktari akinitisha. Tangu nifike sijakosea mstari mmoja, na mwanangu ni shahidi. Mato yamepoa, yanaona. Labda ni hewa ya mlimani."

Wakaandika. Lewis akampiga picha. Baba akanigeukia, lakini akageukia mahali ambapo sikuwapo, akatabasamu huko.

Walipoondoka akaniambia, "Yeo nimeamua. Tarehe kumi na sita hatwendi. Niende nikaambiwe nini? Nitapoteza siku mbili za kazi bure. Tutakwenda mlango ukiisha."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na maneno mdomoni, yamejipanga. Nikasema, "Daktari alisisitiza, Baba." Akasema, "Daktari hakuuona mwimo huu." Akaupapasa pale pale penye jani langu la tano.

Nimefanya nini mimi? Nimejiuliza tangu alasiri. Alijiwekea kengele ya kumwamsha, nami nikaiziba kwa kitambaa. Kesho nitamwambia.

Jumatano, 15 Mei

Sikumwambia. Ameamka na furaha, akaimba kasida tangu alfajiri.

Alhamisi, 16 Mei

Siku ya daktari. Tuko hapa. Mvua, na mto umefika kwenye kibao kilichoandikwa Karibu Tena.

Jumamosi, 18 Mei

Kioko anapita mbele ya turubai kila siku na kusema, "Shikamoo mzee, ni Kioko, niko mkono wako wa kushoto." Kila siku. Baba anamjibu vizuri na kusema kijana yule ana adabu za ajabu. Mimi namwepuka. Zamani nilimwepuka kwa dharau, sasa ni kwa haya.

Jumatatu, 20 Mei

Mbao ya pili imekwisha. Leo Baba ameuweka mfaa juu ya farasi wa mbao, kile kiegemeo cha kuchongea, akausomea Fatiha, akachora mstari wake wa kwanza kwa penseli. Mstari umepinda. Ameuchonga ulivyopinda.

Sikuugusa. Nilikaa mbele yake adhuhuri yote na patasi pajani. Ni mfaa. Kisha nikaunyoosha. Ikiwa nimekwisha kuyafanya yale yote, kofi la miaka thelathini iliyopita halikunizuia.

Matone yanaisha keshokutwa. Nimemwambia nitakwenda Malindi nirudi siku ile ile. Amesema niende tu, mfaa hauhitaji msaidizi.

Jumatano, 22 Mei

Malindi. Nimeondoka alfajiri, nikavuka maji yakiwa magotini, nikapanda bodaboda hadi Kakuyuni na gari hadi mjini. Duka la kwanza la dawa halikuwa na matone, la pili halikuwa nayo, la tatu lilinambia saa kumi. Saa kumi yakaja. Nilipofika Kakuyuni jua linazama, watu walikuwa wakirudi kutoka mtoni. Daraja limefunikwa. Kiunoni, wakasema, na yanakwenda mbio.

Nimerudi mjini kulala. Chupa ya Baba ina tone la leo tu.

Alhamisi, 23 Mei

Maji. Nimesimama ukingoni tangu asubuhi. Ng'ambo nauona mji wote, turubai ninaiona. Kuvuka siwezi.

Ijumaa, 24 Mei

Maji. Lori moja lilijaribu, likarudi nyuma. Nimempigia Sidi, mtandao unakatika. Nilisikia, "Anachonga tu, anachonga tu," kisha basi.

Jumamosi, 25 Mei

Maji. Mbingu haina hata wingu moja, na maji ni yale yale. Anachonga, na mimi siko. Nimefikiri juu ya jambo hilo tangu juzi. Nimemwomba Mungu mambo mawili yasiyokutana: kwamba asikosee, na kwamba akosee ajue.

Jumatatu, 27 Mei

Maji yamepungua lakini bado. Lewis amepiga simu. Kesho ataleta boti ya mpira na kamba. Nikamwuliza kama Baba hajambo. Akasema, "Da Swabra, wewe uje tu."

Jumanne, 28 Mei

Nimevuka. Lewis alikuwa mbele, Kioko nyuma na kasia, mimi katikati nimekumbatia matone ndani ya mfuko wa nailoni. Maji yaliingia, tukazunguka mara moja, sikupiga kelele. Kioko hakunisemesha, nami sikumsemesha. Nilipoteremka nilimwambia ahsante. Akaitika kwa kichwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya nyumba ya sanaa. Hakuwa akichonga. Zana zote zilikuwa zimepanguswa na kurudishwa sandukuni. Mfaa ulikuwa juu ya farasi wake.

Niliutazama. Robo ya juu, ile ya siku yangu, ilikuwa safi. Chini yake, kazi ya siku tano. Maua yamepandana. Mstari umekimbia kushoto, ukarudi, ukakimbia tena. Mahali pamoja patasi imeingia mpaka ikatokea upande wa pili. Sijawahi kuona kazi kama ile ikitoka mikononi mwa mtu ninayempenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Nimefika."

"Keti."

Nikaketi. Akauweka mkono wake juu ya mfaa, sehemu iliyoharibika, akaupandisha taratibu mpaka sehemu iliyo safi, akaushusha tena.

"Nataka unieleze kitu, kwa sababu nimekifikiri siku mbili na akili yangu haikifikii. Nimechonga mwezi mzima, kila alasiri nimepapasa, sikuona kosa. Wewe umeondoka Jumatano. Jumatano alasiri nikapapasa, nikakuta mashimo. Nikasema ni uchovu. Alhamisi zaidi. Ijumaa zaidi. Mkono gani huu, unalewa siku ambayo Swabra hayupo?"

Niliyaweka matone chini, kando ya kiti chake.

"Jana nikarudi kwenye mwimo. Sikupapasa kama fundi anayeipenda kazi yake. Nilipapasa kama fundi anayetaka kuinunua ya mwingine. Kuna gundi. Jani la tano kuna gundi. La tisa. Kizingitini mahali sita. Na mkataji si mimi. Mimi nakata nikitoka, huyu anakata akiingia, kama mtu anayevuta uzi." Akapapasa tena sehemu safi ya mfaa. "Ni mkono mzuri. Wabana kidogo."

"Baba..."

"Tangu lini?"

Nilitaka kusema wiki hii. Wallahi nilitaka. "Tangu ishirini na tatu Aprili."

Akahesabu kwa vidole, wiki kwa wiki, akafika ya tano.

"Nilikwambia patasi ndiyo kipimo changu. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi kwa nini, mwanangu?"

Nikamwambia nilichokuwa nacho, yaani kidogo sana. Kwamba sikutaka kumwona akiaibika. Kwamba lilikuwa moja tu, kisha likawa mawili. Kwamba kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa nzito zaidi. Nililia, na naona haya kuandika kwamba nililia, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kulia ni yeye, na hakulia.

 Nje watu walikuwa wakishusha boti mtoni, wakicheka. Kisha Baba akanyoosha mkono kunitafuta, ukapita kando ya bega langu, ukarudi, ukanipata.

"Funga virago," akasema. "Niliahidi."

Jumatano, 29 Mei

Tumevuka asubuhi, Baba amebebwa mgongoni na Kioko mpaka ndani ya boti. Kabla ya hapo Lewis aliuliza, kwa aibu, mfaa utakuwaje, maana siku zimebaki kumi. Aliona Kioko anaweza kuuchonga mpya. Kioko akakataa mbele yetu sote. "Mimi nachonga twiga," akasema.

Sidi alisimama mlangoni mwake hakucheka. Aliniambia tu, "Nilikushauri vibaya." Nikamwambia nilichagua mwenyewe mshauri.

Alhamisi, 30 Mei

Hospitali. Tumengojea tangu saa moja hadi saa sita.

Daktari ni yule yule, mtu mpole mwenye miwani. Alimpima Baba mara ya kwanza, akapima tena, akazima taa akamulika tochi kutoka pande zote akiuliza mwanga uko wapi. Baba alijibu kila mara. Mara mbili alijibu tochi ikiwa imezimwa.

Kisha daktari akavuta kiti. "Mzee Muhidin, hukuja tarehe kumi na sita."

"Mto ulijaa."

"Na giza hili limeanza lini?"

Baba akakaa wima. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia niliyomshonea mimi. "Jana," akasema.

"Jana?"

"Jana asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa naona vizuri. Nimechonga mlango mzima, waulize watu wa magazeti. Binti yangu huyu hajanikosesha tone, hajanikosesha chakula, ananitazama usiku na mchana. Lingeanza mapema angelijua yeye wa kwanza. Limeanza jana."

Nilijua anachofanya. Alikuwa amenifunika mbele ya mtu kama nilivyomfunika yeye, na amenifunika vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Daktari alikuwa na kalamu juu ya karatasi, na karibu aandike.

"Jicho haliendi hivi kwa siku moja, mzee," akasema. "Na ninahitaji kujua. Likiwa la jana nafanya jambo moja, likiwa la miezi nafanya jingine." Akanigeukia. "Wewe unakaa naye. Ni kweli jana?"

Baba akaubana mkono wangu. Aliubana kwa nguvu, fundi yule, vidole vyake ni chuma. Nikaona ningeweza kusema ndiyo, tukatoka pale watu wawili wenye heshima zao.

"Si kweli," nikasema. "Ni tangu mwezi wa nne. Alikuwa akikosea kazini, nami nikayarekebisha makosa asijue. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Mkono wa Baba ukaniachia.  Daktari aliandika, muda mrefu, na alipomaliza hakunitazama mimi, akamwambia Baba polepole kwamba watampasua Jumatatu. Hawatamrudishia alichopoteza. Wakibahatika wataokoa kidogo kilichobaki, cha kujua usiku na mchana na kivuli cha mtu mlangoni. Akaanza kusema, "Mngekuja mwezi wa nne," akaiacha sentensi hapo.

"Nimefahamu," Baba akasema. "Ahsante, mwanangu."

Tukatoka. Ukumbi ni mrefu na ulikuwa umejaa watu, na alitembea mbele yangu, kiganja ukutani, bila kunisemesha. Nilimfuata nyuma hatua mbili. Nilidhani hatanisemesha tena, na nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba hiyo ni haki yake. Ukuta ukaisha penye mlango wa nje. Pale kuna ngazi tatu za kuteremka uwanjani, na jua la saa saba lilikuwa kali. Akasimama ukingoni, mguu mmoja mbele ukitafuta, mkono hewani.

"Swabra," akasema. "Nishike. Sioni."

Nikamshika, tukateremka moja moja.